Kumposa Mtani Ufukweni Karonga

Tangu turudi, kila ninapokaa kwenye benchi la muuza kahawa hapa Ruangwa, mtu ananiuliza habari za Malawi. Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, na vipande vyenyewe sasa vinatembea mjini vikiwa vimetiwa chumvi na watu ambao hata Tunduru hawajafika. Basi nimeandika yote. Mambo ya pasi na mihuri nayaruka, maana hayana ladha hata kwa aliyeyapitia.

Wengi wenu mnamjua Zuhura wa Ruponda. Kwa asiyemjua, ni mtoto wa mjomba wangu: baba yake na mama yangu walinyonya ziwa moja. Kwetu Wayao binamu wa namna hiyo ni mtani. Tangu tukiwa wadogo ananitukana nami namtukana, ananiita mume nami namwita mke, na akinikamatia kuku uani sina pa kwenda kushtaki. Mtani hakasirikiwi. Lakini kuna upande wa pili ambao watu hawausemi sana, nao ni kwamba mtani haaminiwi. Ukimwambia binamu yako nyumba inaungua, atakuuliza kama umeshaweka viazi.

Nami nilikwenda safari hii nikiwa na neno moja la kweli. Nilitaka kumwoa Zuhura.

Jambo hilo lilianza msibani kwangu. Alipofariki mke wangu, Mwanaidi, nilikaa kwenye mkeka siku nzima bila kusema wala kulia, mpaka wazee wakaanza kuniogopea. Zuhura akatokea mlango wa nyuma amevaa gauni la marehemu, akawa anatembea kama yeye, na ule mwendo wake wa kuvuta mguu mmoja, akanigombeza kwa sauti yake hasa kwamba nimekaa tu na mbuzi wameingia kwenye mihogo. Ndiyo kazi ya mtani msibani, sote tunaijua. Lakini mimi nilicheka, kisha nikalia, na ndipo nikapata pumzi. Tangu siku ile nikawa namwaza. Yeye mwenyewe ni mjane, mara mbili.

Safari ilitokana na Rehema, mtoto wa marehemu dada yake Zuhura, aliyeolewa Karonga na mfanyabiashara wa mchele. Rehema alikuwa amejifungua, na bibi wa kwenda kumpokea mtoto alikuwa Zuhura. Wazee wakasema asiende peke yake nchi ya watu. Mwanamume mwingine yeyote angeleta maneno, ila mimi nilipotajwa watu wote walicheka na shauri likaisha. Nilichaguliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kunidhania.

Nachingwea hadi Masasi

Tulikubaliana kukutana stendi ya Nachingwea alfajiri. Mimi nilifika, Zuhura alifika jua limeshapanda, akiwa na mfuko wa korosho za kukaanga, ndoo ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, iliyochemshwa, na chupa tupu nyingi zilizofungwa pamoja kwa kamba. Nilimwuliza za nini. Akasema majirani zake Ruponda wamemwagiza maji ya bahari ya dawa, maana anakwenda ufukweni.

Nilimwambia kule hakuna bahari, kuna ziwa, na maji ya ziwa lile hayana chumvi. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi akamwambia amsikilize huyu mzee: maji yasiyoonekana ng'ambo, yenye mawimbi na meli, ati hayana chumvi. Muuza maandazi alicheka. Niliapa. Wakacheka zaidi, na chupa zikapanda basi.

Basi lenyewe lilikuwa linaondoka sasa hivi. Liliendelea kuondoka sasa hivi mpaka ndoo ya ming'oko ikapungua kwa robo. Kondakta alipita akaonjeshwa, fundi akaonjeshwa, na abiria wa siti ya nyuma akanunua korosho akidhani Zuhura ni mchuuzi. Sikuona ubaya wa kuchelewa. Nilikuwa nimekaa dirishani na yeye kando yangu, nikitafuta pa kuanzia, na kila nilipofungua mdomo alinitia mng'oko.

Masasi hadi Songea

Masasi tulibadili basi, tukapata siti za watatu. Wa tatu wetu alikuwa mama wa Makambako, mtu mzima mpole, aliyekuwa akirudi kwao kutoka harusi ya mwanawe Mtwara. Aliuliza kwa heshima tunakwenda wapi. Zuhura akainamisha uso kama mgonjwa akamwambia kwamba huyu mume wake anampeleka Malawi kumuuza, tena kwa kilo, maana kazi yake maisha yote ilikuwa kupima korosho ghalani na hajui kuuza kitu kingine.

Sasa, mtu yeyote wa kwetu angeuliza bei. Yule mama alisema anakwenda kunyoosha miguu, na nikamwona amesimama karibu na kondakta akimnong'oneza huku akinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo. Kondakta, kijana wa Masasi, akaja mpaka kwenye siti yetu.

"Mzee, huyu mama ni nani wako?"

"Mtoto wa mjomba."

Kondakta akamrudia yule mama akicheka, akamweleza kwamba hawa ni mabinamu, mama asiwe na hofu. Mama wa Makambako hakuelewa kabisa ubinamu unahusiana vipi na kuuzwa. Alimpa Zuhura namba yake ya simu na kumwambia apige saa yoyote.

Mbele ya Tunduru mkanda wa feni ulikatika na tukashuka kukaa kivulini mwa basi wakati dereva akisubiri mwingine uletwe kwa pikipiki. Hapo ndipo wageni huwa ndugu. Zuhura aligawa ming'oko, akawafundisha watu wa bara namna ya kuimenya kwa meno na kutema nyuzi. Wengine waliipenda, wengine walitema na nyuzi na mng'oko wenyewe. Yule mama alinivuta pembeni. Aliniambia, Baba, mimi nimekutazama njia nzima. Unampenda mkeo, lakini mnaongea maneno machafu tu. Mwambie neno moja zuri la kweli, hata mara moja.

Nilimwambia ninatafuta nafasi. Ni mtu pekee katika safari ile aliyejua ninalolitaka, na alilijua kwa makosa.

Songea hadi Kyela

Songea tulifika giza limeshaingia, tukaingia nyumba ya wageni ya karibu na stendi. Nilipoulizwa huyu ni nani, ulimi ukaniponza kwa mazoea: nikasema mke wangu. Zuhura naye akaitikia kwamba ndiyo, ndoa ya mkeka. Yule dada wa mapokezi akatupa ufunguo mmoja. Ilibidi tuanze kueleza upya, na kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyozidi kukunja uso, mwishowe akasema nyumba yake ni ya watu wenye heshima zao na vyumba vingine vimejaa. Zuhura akalala chumbani, mimi nikalala kwenye makochi ya mapokezi, nikafunikwa kitenge cha yule yule dada ambaye huruma ilimshinda.

Kutoka hapo mpaka Mbeya sina la kusimulia. Milima ni mingi, baridi ni kali, na kila kituo wanauza mahindi ya kuchoma. Mbeya tulibadili gari, na tulipofika Tukuyu mvua ikapiga kwelikweli, gari likasimama ili watu wanywe chai. Tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja aliyepika ndizi mbichi na maharage, chakula kizito ambacho Zuhura alikisifu, naye hasifu mapishi ya mtu ovyo. Moshi ulikuwa mwingi. Alijifunga vitenge viwili, amejikunyata, anapuliza chai. Nikaona hakuna saa nyingine.

"Zuhura, sikutanii. Nataka nikuoe."

"Niongezee chai kwanza, bibi harusi anaganda."

"Wallahi nakwambia."

"Ndiyo wallahi ile ile uliyoniapia kwamba fisi kala redio ya baba."

Ni kweli niliapa hivyo, tukiwa vijana, na nusura baba yake amfukuze mbwa wa watu akidhani ndiye fisi. Mama mwenye kibanda alicheka mpaka akaketi. Nami nikaongeza chai. Nawaambia ukweli, pale nilivunjika moyo. Mtu akikataliwa anajua alipo. Mimi nilikuwa sijakataliwa wala kukubaliwa, nilikuwa sijasikika.

Kuvuka Songwe

Mpaka wenyewe ni daraja juu ya mto, watu wanapita na magunia na baiskeli kama wanakwenda sokoni, na wengi wanakwenda sokoni kweli. Upande wa pili tulipanda gari dogo tukabanana na wanawake waliobeba vitunguu. Kiswahili kinasikika vizuri tu kule Karonga. Shida yetu ilikuwa kwamba Zuhura alipomtukana muuza ndizi kwa mazoea, muuza ndizi alijibu kwa adabu sana, akamwongezea ndizi mbili. Zuhura alikosa raha mpaka tulipofika.

Rehema alitupokea kwa machozi. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, na Zuhura alimwogesha, akamtazama vidole vyote, akasema pua ni ya kwetu. Mume wa Rehema, Bakari, ni mtu mkimya. Alituheshimu kupita kiasi: mimi niliitwa baba mkwe, nikapewa kiti chenye mto, na kila nilipomwambia Zuhura neno la utani, Bakari alitoka nje kwa aibu. Wiki ile ilipita kwa kula wali. Mchele wa kule mtamu, siwezi kusema uongo.

Siku moja kabla ya kurudi, Rehema akasema haiwezekani bibi aondoke bila kuona ufukwe. Akatufungashia wali kwenye chombo cha plastiki, akatupa mkeka, akabaki na mtoto wake.

Ufukweni

Bakari alituelekeza kwenye hoteli moja yenye miavuli ya makuti ufukweni. Tulipofika, mlinzi akasema kuingia ni kwa kulipia, na chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Zuhura alimwuliza kama maji nayo wameyafungia kwa ndani. Mlinzi, kijana mstaarabu, akatuonyesha kinjia cha kando kilichopita kati ya mashamba ya mpunga. Akasema ufukwe ni ule ule, miavuli tu ndiyo haipo.

Na kweli ulikuwa ule ule. Mchanga mweupe kidogo wenye changarawe, wanawake wanasugua masufuria kwa mchanga huo huo, vyanja virefu vya usipa, vidagaa vya kule, vikikauka juani na kunuka hadi mashambani, na mbele yetu maji ya samawati mpaka macho yanakoma. Ng'ambo haikuonekana siku ile. Zuhura alisimama akaweka chini chupa zake. Sijawahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo isipokuwa akiswali.

Kisha alikunja vitenge, akaingia mpaka magotini, akainama akachota kwa kiganja, akaonja. Akachota tena. Alinigeukia kwa uso ambao siwezi kuuelezea vizuri, kama mtu aliyekuta mlango ambao siku zote alidhani ni ukuta.

"Issa," akasema, "hayana chumvi."

"Nilikwambia."

"Uliniambia," akasema. Alirudi ufukweni polepole, akaketi kwenye mkeka, akaanza kunisimulia majirani watakavyomcheka, lakini nilimwona anafikiri jambo jingine. Mara kwa mara alinitazama na kuyatazama maji.

Hapo ndipo likanijia. Tangu Nachingwea nilikuwa nafanya kosa la kijinga. Nilikuwa nikiposa mwenyewe. Nani kwetu anajiposea mwenyewe, kama si mtani anayetania? Posa ina mshenga. Neno likitoka mdomoni mwangu ni mchezo hata nikiapa kwa msahafu. Linatakiwa litoke mdomoni mwa mtu mwingine, mtu mzima, aliyefunga kilemba au aliyejifunika ushungi. Na pale nilikuwa nchi ya watu, simjui mtu.

Mbele kidogo kulikuwa na mwanamke wa makamo akikaanga samaki kwenye kikaango kikubwa. Nilikwenda kununua chambo wawili, ndivyo wanavyowaita perege wa ziwa lile. Aliniita kwa Kiswahili cha Kyela, lakini alipomkaripia mbwa nikasikia Kiyao, kile cha kwao Mangochi, tofauti kidogo na chetu ila ni kile kile. Nilimwamkia kwa Kiyao. Aliacha samaki akanitazama, akaniuliza watu wangu ni akina nani. Jina lake ni Abiti Twaibu. Alikuja kaskazini kufuata samaki miaka mingi iliyopita na hakurudi.

Nilimweleza shida yangu nikiwa nimechuchumaa kando ya moto. Aliuliza kwa nini mtu mzima kama mimi nisimwambie mwenyewe, yule pale ameketi. Nikasema ni mtoto wa mjomba. Hakuuliza swali jingine. Kumbe hata kwao ni hivyo hivyo.

"Kifungua mdomo kiko wapi?" akasema.

Sikuwa nimejiandaa. Nilitoa pakiti ya korosho zetu mfukoni, zile za Ruponda, nikaziweka mkononi mwake kwa mikono miwili. Alizitazama, akatikisa kichwa kwamba zinafaa. Akavua aproni yenye mafuta, akanawa mikono kwa maji ya ziwa, akatoa kitenge safi kwenye kapu lake, akajifunga, akajitanda ushungi. Alibadilika mbele ya macho yangu akawa mkwe wa mtu. Kisha akanipa uma mrefu wa kugeuzia samaki na kwenda zake, wala hakuniuliza kama najua kukaanga.

Basi mimi nikabaki na kikaango, najifanya natazama samaki. Nilimwona Abiti Twaibu amefika, amekunja miguu, ameketi pembeni mwa mkeka na si katikati, kama inavyotakiwa. Waliamkiana muda mrefu. Zuhura alikuwa anacheka. Abiti akasema neno. Zuhura akacheka zaidi, akanitazama, akaninyooshea kidole. Abiti hakucheka. Aliendelea kuongea ametazama chini, na mkono wake ukatoa zile korosho na kuziweka juu ya mkeka baina yao.

Zuhura akaacha kucheka.

Mteja alikuja akataka samaki watatu. Nikamfungia sijui wangapi. Nilipotazama tena, Zuhura alikuwa amevuta kanga yake ya mabegani akajifunika kichwa. Nasema wazi kwamba niliogopa. Nimekwishazika wazazi na mke, nimeshasimama mbele ya wakubwa wa chama cha ushirika nikigombea mizani, lakini sijawahi kuogopa namna ile.

Abiti Twaibu akarudi. Hakuleta jibu, alileta swali.

"Anauliza ni Issa gani aliyenituma. Anasema anawajua wengi."

Nilifikiri. Nikamwambia amwambie ni yule aliyecheka msibani.

Akaenda tena. Safari hii hawakuongea sana. Zuhura alizishika zile korosho mkononi, akazipima kama mimi nilivyozoea kupima, na kwa mbali nikaona anafuta uso kwa upindo wa kanga. Moshi ulikuwa unanijia machoni na sikuona vizuri. Samaki waliungua upande mmoja.

Abiti aliporudi alisimama mbele yangu wima, kwa sababu jibu la posa halisemwi kwa kuchuchumaa. Aliniambia:

"Amesema amekusikia, na leo amekuamini. Amesema nikuambie hivi: waume nimezika wawili. Mtani ninaye mmoja tu, na yeye nataka anizike mimi, avae gauni langu, awachekeshe wanangu. Akiwa mume, nani atafanya hivyo? Korosho amenipa niwe nazo. Ametaka nikuambie pia kwamba si kwa ubaya."

Nilimshukuru. Akanipokonya uma, akaona samaki zake, akasema neno la Kiyao ambalo mama yangu angenipiga kwa ajili yake, kisha akanifungia chambo wawili wasioungua sana na kukataa malipo.

Iliniuma. Siwezi kuizungusha kauli hiyo. Nilitembea ule mchanga polepole kuliko ninavyotembea kwenda makaburini, na sikujua nitaketi vipi kando ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwetu tumesemezana ukweli. Zuhura alikuwa bado amejifunika. Alipakua wali, nikafungua samaki, tukala kwenye chombo kimoja bila kutazamana. Alinichambulia miiba akaniwekea nyama upande wangu. Watoto walipita mbio wakatumwagia mchanga kwenye wali na hakuna aliyewakemea.

Tulimaliza. Akateremsha kanga mabegani, akatazama mfupa mmoja mweusi kama mkaa.

"Umeunguza samaki, mume wangu," akasema.

Nilielewa. Alikuwa amefunga mlango, na papo hapo ananifungulia ule mwingine niliouzoea, aone kama bado nitapita. Maji yalikuja yakarudi mara kadhaa.

"Mke wangu," nikasema, "nimeunguza kwa sababu ya kukuangalia ulivyo mbaya."

Akashusha pumzi. Alicheka, nami nikacheka, na hatukuthubutu kutazamana mpaka jua likaanza kupungua ukali. Kabla ya kuondoka alizijaza chupa zote maji ya ziwa. Nilimwuliza ni dawa ya nini hayo. Akasema atawaambia yana chumvi, waonje wenyewe.

Kurudi

Kurudi ni kufupi siku zote. Magari hayakuharibika, mvua haikunyesha, na Songea safari hii nilisema mapema na kwa sauti kwamba ni binamu yangu, vyumba viwili tafadhali. Alinitukana tangu Kyela mpaka Tunduru. Alizungumzia upara wangu, miguu yangu, na namna ninavyokoroma. Nami nilijibu kila moja. Abiria walifurahi. Lakini usiku ndani ya basi, alipodhani nimelala, alinifunika kitenge chake mabegani na kukibana vizuri pembeni ili upepo usiingie. Sikufumbua macho.

Stendi ya Nachingwea mlikuwapo wengi wenu, mliokuja kutupokea. Mlimwuliza Zuhura, kabla hata hajashusha mguu wa pili, mume wako kakutendea nini huko ugenini. Akasimama kwenye ngazi ya basi na chupa zake mkononi akawaambia wote kwa sauti: kaniposa ufukweni, kaleta na mshenga, nimemkataa.

Mlicheka mpaka mpiga debe akasahau kuita abiria. Mimi nilicheka kuwashinda. Ningenyamaza mngejua.

Jana nilikwenda Ruponda nikamkuta uani anabangua korosho. Nilimsomea maandishi haya tangu mwanzo. Penye mama wa Makambako alicheka, penye fisi na redio akacheka na kunisahihisha kwamba fisi walikuwa wawili. Penye ufukwe aliacha kubangua. Nilipomaliza nikamwuliza kama niwape watu wasome au nichome moto.

"Wape," akasema. "Hakuna atakayeamini."

Alikusanya maganda kwa ukingo wa kiganja. Halafu akaniuliza, bila kuniita mume wala mzee wala jina lolote la utani, kama bado inaniuma.

Nikamwambia inauma.

Hakucheka.